Antene Haijaguswa

Kibanda cha mitambo kilijengwa chini ya kilima, kati ya Wamaza na Salamabila, na kilikuwa kinanuka. Siku zangu za kwanza nilidhani ni mazuti ya jenereta. Baadaye nikajua kwamba ni mkojo wa panya uliopashwa moto na mashine, umechanganyika na mavi ya popo waliolala chini ya bati. Kila asubuhi nilifungua mlango, nikasimama pembeni, nikaiacha hewa ya ndani itoke kwanza, ndipo nikaingia na kitambaa nimejifunga puani. Mlinzi wetu, mzee wa kabila la Wabangubangu aliyekuwa akilima mihogo ubavuni mwa kilima, alinitazama akitabasamu.

"Utazoea, mama," aliniambia.

Sikuzoea. Nilifanya kazi pale mpaka waliponiondoa, na mpaka mwisho nilikuwa nikisimama pembeni mlangoni kwanza.

Kazi yenyewe niliipenda. Mimi ni mtoto wa Kasongo, wa familia ya Waislamu wa mjini. Baba aliuza vitambaa, taa na redio, na mimi ndiye niliyekuwa nikizifungua redio zake na kushindwa kuzifunga. Nilisomea elektroniki Bukavu. Nilipomaliza, kampuni moja ya simu ilikuwa inatafuta fundi wa kukaa na antene mpya ya kilima kile, katika eneo la Kabambare, mahali ambapo mafundi wa kutoka mbali hawakutaka kukaa. Niliomba, wakanichukua.

Antene ile haikufanana na zile watu walizozizoea. Haikuwa sahani ya kutazama mbinguni, wala haikuwa na mota ya kuigeuza. Ilikuwa ubao mweupe, ukubwa wa mlango wa nyumba, umefungwa kwenye nguzo kileleni. Ndani yake mlikuwa na antene ndogondogo nyingi zilizopangwa kwa mistari, kama punje kwenye gunzi la mahindi. Zote zinasema neno lile lile, ila kila moja inaambiwa iseme lini. Zikisema pamoja, mawimbi yanakwenda mbele moja kwa moja. Ukiziambia za upande mmoja zichelewe kidogo, muda mdogo kuliko mtu anavyoweza kufikiri, mawimbi yanageukia upande huo. Ubao unabaki umesimama vile vile, na nguvu yake yote imehamia kwingine.

Amri za kuchelewa zilitoka kibandani na kupanda kilima kwa njia ya nuru. Mwanzoni kampuni iliweka nyaya za shaba. Radi za kwetu zilizifuata mpaka ndani ya mashine na kuziunguza. Wakaweka nyingine, nazo zikaungua. Ndipo wakaleta nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, kila uzi ndani ya ganda lake jeusi la plastiki. Mmoja ulibeba amri, mwingine ulibeba maongezi ya watu. Kioo hakina cha kuivutia radi. Mvua ikija nilikaa ndani nikaona umeme wa mawingu dirishani, na taa ndogo za mashine zinaendelea kuwaka kijani kana kwamba hakuna kinachotokea, nami nilifurahi, hata katika uvundo ule.

Ubao tuliuelekeza Wamaza. Ndiyo ilikuwa ahadi. Salamabila ina rezo zake, mitandao ya simu, kwa sababu ya dhahabu. Wamaza hapakuwa na kitu. Pale kuna kituo cha afya, na muuguzi wake mkuu ni dada yangu, mkubwa wangu kwa baba na mama. Aliolewa na mkulima Mkristo wa huko, yakawapo maneno nyumbani kwa muda, halafu yakaisha. Kabla ya antene, akitaka kuita pikipiki ya wagonjwa alimtuma mtu kwa miguu. Baada ya antene, alipiga simu akiwa ameketi kando ya mgonjwa.

Mkuu wetu wa kazi alikaa ofisini Salamabila. Tulimwita shefu. Alivaa mashati yaliyopigwa pasi vizuri na kujipaka manukato mengi, na alipokuja kilimani alisimama nje ya kibanda akaniuliza maswali kupitia mlangoni, leso puani. Aliuacha ukucha wa kidole kidogo ukarefuka, akautumia kuchokoa meno. Akimaliza aliutazama, akaufuta kwenye suruali, kisha akakupa mkono huo huo umsalimie. Niliushika kila mara, maana alikuwa mkubwa wangu. Akishaondoka nilinawa kwa maji ya mlinzi.

Msimu mmoja wa mvua shangazi yangu alifariki Kasongo, nikaomba ruhusa kwenda msibani. Wakati wa kurudi nilipitia Wamaza kumwona dada. Nilimkuta nyuma ya kituo anafua mashuka. Hakuinuka.

"Rezo yenu ilikufa," alisema.

"Tangu lini?"

"Kisha wewe kwenda. Ilikuwa inakuja kidogo, inapotea. Sasa hata kidogo hakuna."

Akanieleza huku akiendelea kufua. Mwanamke mmoja anayeuza mawese sokoni alikuja kujifungua, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Dada aliona mapema kwamba mama huyo atahitaji kupasuliwa, na pale kwake hakuna daktari. Akapiga simu. Akatoka uani, akapanda juu ya kichuguu, akapiga tena. Akamtuma mumewe akimbie na simu mpaka kwenye mwinuko wa barabara. Hakuna kilichoitika. Mwishowe wanaume walikata miti wakafunga kipoyi, wakamlaza juu yake, wakambeba mabegani katika matope mpaka walipokuta pikipiki ya mfanyabiashara iliyokubali kumchukua.

"Mama yule alipona," dada alisema. "Mutoto alikufia njiani. Kabla ya kutoka hapa nilikuwa nimemushika mama mukono, akaniuliza kama simu imeitika. Nikamuambia ndiyo, wanakuja."

Alikamua shuka. Maji yaliyotoka yalikuwa bado na rangi.

Sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja kilimani. Mlinzi alinifungulia, nikasahau hata kujifunga kitambaa. Mashine zote zilikuwa nzima, taa zote kijani. Lakini kwenye kompyuta, mahali panapoonyesha mawimbi yanaelekea wapi, mstari haukuwa mbele. Ulikuwa umelala kushoto kabisa, mpaka mwisho wa uwezo wa ubao. Niliufuata kwenye ramani kwa kidole. Haukuelekea kijiji chochote. Ulipita juu ya msitu, ukaangukia bondeni upande wa Salamabila, mahali ambapo wanunuzi wa dhahabu walikuwa wamejenga nyumba yao mpya. Bonde lile ni kama shimo. Rezo za mjini haziingii.

Nilijaribu kuurudisha. Mashine ikakataa. Ruhusa yangu ya kubadilisha ilikuwa imeondolewa.

"Hakuna mutu alipanda kule juu," mlinzi aliniambia, akidhani ninamtuhumu. "Mimi niko hapa kila siku, mama. Hakuna mutu."

Nilimwamini. Hakuna aliyehitaji kupanda. Amri ilitolewa kutoka ofisini, ikafika kibandani, ikapanda kilima ndani ya kioo kama amri nyingine zote.

Kesho yake nilikwenda Salamabila. Ofisini waliniambia shefu yuko kwa wageni. Nilijua wageni gani. Nilipanda pikipiki mpaka bondeni, nikawakuta barazani wakati wa mchana, shefu na wanunuzi, wamevua viatu, miguu juu ya viti. Luninga kubwa ilikuwa inaonyesha mpira wa Ulaya, mechi iliyokwisha kuchezwa. Mezani kulikuwa na sinia za mbuzi wa kuchoma, mifupa imetupwa chini, inzi wamejaa juu ya mafuta yaliyoganda, na hakuna aliyekuwa akiwafukuza. Shefu alikuwa na mafuta mpaka kidevuni.

"Shefu, Wamaza hawana rezo," nilimwambia.

"Mvua hii inasumbua."

"Si mvua. Mawimbi yamegeuzwa huku."

Alichokoa jino, akautazama ukucha. "Mama fundi, kwenda kilimani ujionee. Antene haijaguswa. Iko inaangalia Wamaza vile tuliifunga."

"Ubao ndio unaangalia Wamaza. Mawimbi yako hapa."

Mmoja wa wanunuzi alicheka, akaninyooshea simu yake. "Kweli, hapa iko muzuri sana," alisema. Sidhani alijua anachokisema, na sidhani aliwahi kuuliza.

Nikawasimulia habari ya yule mama. Niliisema yote mbele yao, kipoyi, matope, mtoto. Mtu mmoja akapunguza sauti ya luninga. Kisha shefu akasema, "Wamama wanapoteza watoto hata Kinshasa, na kule rezo iko." Akasukuma sinia kuelekea kwangu. "Kula kwanza. Umetoka mbali."

Sikumwona akipokea kitu kwa watu wale, nami sitasema nisichokiona. Niliona anakula pale, analala mchana pale, na anacheka wanapocheka. Nilitazama nyama ile na vidole vilivyoisukuma. Nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanywi.

Niliandika ujumbe kwa wakubwa wa kampuni huko mbali. Wakajibu kwa adabu kwamba mambo ya kilimani nizungumze na mkuu wangu wa kazi.

Mvua ziliendelea. Niliingia kibandani asubuhi, nikatia mafuta kwenye jenereta, nikautazama mstari ule uliolala kushoto, nikatoka. Nilianza kujiona kama mtumishi wa luninga ile. Dada aliacha kuniuliza. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Kisha asubuhi moja, nikiwa njiani kwenda kazini, simu yangu ililia. Alikuwa dada, naye alikuwa anapiga kutoka kituoni kwake.

"Umefanya nini?" aliniuliza. "Rezo imerudi, imejaa."

"Sijafanya kitu."

"Basi asante kwa kutofanya kitu," alisema, akakata simu kwa sababu alikuwa na watu wa kuwapigia.

Kibandani, taa ya uzi wa amri ilikuwa nyekundu. Ya uzi wa maongezi ilikuwa kijani. Nikauinamia ukuta mahali nyuzi zinapotokea kwenda kilimani, na hapo harufu ilinipiga hata nikakohoa. Panya alikuwa ametengeneza kiota ndani ya tundu. Alikuwa ametafuna ganda la plastiki na kulikatakata vipande, akachanganya na matambara, manyoya na mavi, yote yamelowa mkojo. Nilitia mkono mpaka kwenye kiwiko. Vidole vyangu viligusa kitu laini chenye joto kikatikisika, nikauchomoa mkono haraka. Vilikuwa vitoto vya panya, visivyo na manyoya, vyekundu, vimelala juu ya ncha za uzi uliokatika.

Nilikaa nje kwenye jiwe nikafikiri, mkono nimeuweka mbali na nguo. Waliotengeneza antene walikuwa wameipanga hivi: amri zikikatika, zile antene ndogo zisibaki zimechanganyikiwa, zirudi zote kusema pamoja, na mawimbi yaende mbele moja kwa moja. Na mbele ya ubao ni Wamaza. Panya alikuwa amekata mkono wa shefu, nasi tukapata rezo.

Haikuchukua muda shefu akapiga simu.

"Huku imekatika. Kuna nini?"

"Panya amekata uzi wa amri."

"Utengeneze."

"Sitautengeneza, shefu."

Nyuma yake nilisikia watu wakilalamika. "Umesema nini?"

"Nimesema sitautengeneza. Wamaza inafanya kazi. Kama utaniruhusu kuacha mawimbi yaende mbele, nitautengeneza sasa hivi."

Alikata. Mchana alifika mwenyewe, pikipiki imembeba pamoja na sanduku la mashine ya kuunganisha nyuzi. Nilidhani atamtafuta mtu mwingine wa kuifanya kazi ile, kwa jinsi alivyokuwa akikiogopa kibanda. Aliingia. Leso aliiacha mfukoni, maana alihitaji mikono yote miwili. Alikivuta kiota kwa ncha ya kiatu, kikaanguka sakafuni, na vile vitoto akavikanyaga kimoja baada ya kingine bila haraka, akiburuza soli juu ya saruji kuifuta. Nilisikia vikipasuka. Mlinzi, ambaye maisha yake yote ameua panya wa shambani, aligeuka akatazama nje.

Kisha shefu akapiga magoti katika uchafu ule na kufanya kazi. Sijawahi kuona mtu anaunganisha kioo vizuri vile. Alizimenya ncha za uzi taratibu, akazifuta kwa spiriti, akazikata zikawa sawasawa, akazilaza uso kwa uso ndani ya mashine mpaka cheche ndogo ikaziyeyusha zikawa kitu kimoja. Nilimchukia zaidi wakati ule kuliko nilivyomchukia barazani, kwa sababu niliona anajua. Alijua kila kitu nilichojua mimi: jinsi mawimbi yanavyogeuka, yanakokwenda, na yule anayebaki bila kitu.

Taa ikawa kijani. Kwenye kompyuta mstari ukarudi kulala kushoto. Huko Wamaza, bila shaka, mtu fulani aliitazama simu yake na kuitikisa.

"Toa funguo," shefu aliniambia, akifuta magoti.

Nikampa. Safari hii hakunipa mkono, nikashukuru.

Nilikwenda kwa dada nikamweleza yote. Naye akawaita watu wa kamati ya kituo: mchungaji, shehe wa msikiti, mkubwa wa kijiji na wanawake wa soko. Tulikaa uani. Waliniuliza swali lile lile: antene iliyofungwa kwa misumari inageukaje? Nikawaomba wakumbuke wanafunzi wanavyoandamana siku ya sikukuu, mstari mmoja bega kwa bega. Wakifika kwenye kona, wa ndani wanafupisha hatua, wa nje wanarefusha, na mstari mzima unageuka bila mtu kusukumwa.

"Na anayewaambia wafupishe ni nani?" mchungaji aliuliza.

"Shefu. Kwa uzi."

Walielewa. Walikwenda Salamabila, wengine kwa pikipiki, wengine kwa miguu, wakakaa mbele ya ofisi mpaka akatoka. Aliwapokea vizuri. Aliwaletea viti na soda, akawaambia kwamba mitambo ina ugonjwa ambao fundi aliyeondolewa aliusababisha kwa uzembe, na kwamba yeye mwenyewe anahangaika kuuponya. Shehe alirudi akinitazama kwa namna mpya. Dada peke yake hakuniuliza kitu.

Muda ulipita. Wanunuzi wa dhahabu walijiletea antene yao wenyewe, ndogo, ya kuweka juu ya paa na kupata rezo kutoka angani moja kwa moja. Nilipita nikaiona. Kwa hiyo hawakuhitaji tena mawimbi ya kilimani, na shefu akayarudisha Wamaza. Alituma habari kwamba baada ya juhudi kubwa ugonjwa umepona, na kwamba angependa kuja kuwasalimia wananchi.

Nilipofika Wamaza siku ya ziara yake nilimkuta dada jikoni, anachagua mchele. Nje walikuwa wanachuna mbuzi.

"Unajua nani aliikata rezo," nilimwambia.

"Najua."

"Na unamuchinjia mbuzi."

Aliendelea kutoa mawe mcheleni. "Nilipanda kichuguu nikiwa na damu ya mutu mukononi," alisema. "Sitaki kupanda tena. Huyu mutu akifurahi, acha afurahi. Wewe unaweza kumukatalia. Mimi niko na wodi."

Nikatoka uani.

Shefu alikuja na shati jeupe. Kwaya iliimba. Mkubwa wa kijiji alisema maneno ya shukrani, na mpiga picha aliyeletwa kutoka ofisini akawapanga watu mbele ya kituo. Halafu yule mama muuza mawese akatoka katikati ya wanawake na bidoni, dumu lililojaa mawese. Alikuwa amekonda. Alipiga magoti mbele ya shefu, akaiweka bidoni miguuni pake, akamwambia asante kwa kutukumbuka. Shefu alimgusa bega kwa mkono ule wenye ukucha, akainama, akamwambia mbele ya watu wote kwamba Mungu atampa mtoto mwingine. Mpiga picha akamwomba abaki ameinama hivyo hivyo kidogo.

Nilikwenda nyuma ya jiko, nikatapika. Sikuwa nimekula kitu, basi yalitoka maji machungu tu. Dada alinifuata na kikombe cha maji, akanishika mgongo mpaka nilipomaliza, kisha akarudi kugawa chakula, kwa sababu wageni walikuwa wanasubiri.

Sasa ninakaa Kasongo. Nina meza yangu karibu na soko, natengeneza simu, redio na taa za jua, na ninakula wali na sombe ya majani ya mihogo kwa mama kama mtoto. Shefu, nimesikia, amepandishwa cheo, yuko Kindu, makao makuu ya mkoa. Dada hunipigia kutoka kituoni, na sauti yake inafika safi kabisa. Mara nyingine ananyamaza katikati ya maneno. Mwanzoni nilidhani ameitwa na mgonjwa. Nilipomuuliza akaniambia hapana, anaitoa tu simu sikioni kutazama kama rezo bado iko.